Muuaji kama Mhusika: Usimulizi wa Mauaji ya Whitechapel ya 1888

Makala haya yanachunguza jinsi maandishi ya uhalifu wa kweli yanavyomjenga muuaji kuwa mhusika mkuu. Tumeteua mauaji ya wanawake watano yaliyotokea Whitechapel na viunga vyake, mashariki ya London, kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba 1888. Muuaji hakujulikana kamwe. Katika riwaya ya upelelezi tuliyoizoea, kama vile Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa hulifumbua fumbo na hadithi ikafungika. Hapa fumbo halifumbuliwi, na kila mwandishi mpya huja na mtuhumiwa wake.

Jina la mhusika huyu lenyewe ni zao la maandishi. Mwanzoni magazeti yalimwita "Aproni ya Ngozi", na fundi viatu mmoja akakamatwa kwa ajili ya lakabu hiyo kabla ya kuthibitika kuwa hana hatia. Kisha, tarehe 27 Septemba, shirika la habari la Central News lilipokea barua iliyotiwa saini Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji. Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi ya Scotland Yard, aliandika mwaka 1910 kwamba barua ile ilitungwa na mwandishi wa habari. Ikiwa ndivyo, basi "mimi" anayezungumza humo ni nafsi ya kubuni, nasi tumeisoma kama ungamo.

Hata idadi ya watano ni uamuzi wa kimaandishi. Jalada la polisi lina mauaji 11. Watano hao walitengwa katika waraka wa Melville Macnaghten wa 1894.

Je, wanawake hao tuwaiteje? Neno mhanga, ambalo wengi wetu hulitumia bila kusita, hubeba dhana ya kafara. Kumwita Annie Chapman mhanga ni kama kudai kwamba kifo chake kilitumikia jambo fulani. Na katika vitabu vingi, kwa kweli, ndivyo kilivyo: kinautumikia msuko.

Hallie Rubenhold, katika The Five (2019), aliupindua mpangilio huo. Anasimulia maisha ya watano hao bila kueleza namna walivyouawa, na anahoji kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi kuwa walikuwa makahaba. Udhaifu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba pale kumbukumbu zinapokosekana hujaza pengo kwa hali ya jumla ya wakati ule. Lakini kumbukumbu nyingine hazihitaji kujaziwa. Polisi waliorodhesha vitu alivyokutwa navyo Catherine Eddowes, na humo mna vikopo viwili vidogo, kimoja cha majani ya chai na kingine cha sukari, vipande vya sabuni, kitana, na glavu moja nyekundu.