Maziwa ya Jioni na Meza ya Majaji: Mafunzo Niliyopata Kikima

Kila mwaka shule za sekondari za Kenya hupeleka miradi kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, KSEF, ambayo walimu wa rika langu bado tunayaita Kongresi. Mashindano huanzia kaunti ndogo, yakapanda kaunti, kanda, hadi taifa. Kwetu Kikima, juu kwenye milima ya Mbooni, hiyo ina maana ya kuteremka na mabango, nyaya na ndoo, huku mwalimu mlezi akiombea gari lisikwame. Mlezi huyo ni mimi. Haya ndiyo niliyoyavuna.

1. Shida iliyo mlangoni ina alama nyingi kuliko ya kuazima

Ukipita kwenye meza za maonyesho utaona geti la kujifungua lenyewe, kengele ya wezi, na taa za kuongoza magari. Kikima haina taa za kuongoza magari. Ina ng'ombe. Maziwa ya asubuhi hupata mnunuzi mapema. Ya jioni hulala nyumbani, na kukicha mama anaambiwa yamechacha, arudi nayo.

Wasichana wangu wawili (kila mradi hubebwa na wanafunzi wasiozidi wawili) waliishika shida hiyo. Walijenga sanduku la mbao lenye kuta za waya wa kuku, mkaa ukijazwa katikati, na juu yake debe lililotobolewa likidondosha maji polepole. Maji yakikauka kwenye mkaa huondoka na joto, ndani pakapoa. Mbinu hiyo ni ya zamani, wala hawakudai ni yao. Swali ndilo lililokuwa lao: je, inafanya kazi hapa kwetu, kwenye baridi na ukungu, au ni ya watu wa nyanda za joto tu?

2. Siku iliyoharibika isifutwe

Nililijua daftari lao kabla ya majaji kuliona. Safu ya kwanza saa, ya pili joto la ndani, ya tatu joto la maziwa yaliyoachwa jikoni ili kulinganisha, ya nne matokeo ya kuchemsha kidogo kwenye sufuria asubuhi: yameganda, hayajaganda. Kurasa zilikuwa na madoa ya maziwa na wino wa rangi tatu, kwa sababu kalamu ziliisha.

Jaji mmoja aliweka kidole kwenye mstari mmoja. “Na hii je? Ndani na nje ni sawasawa.”

“Ukungu, mwalimu,” mkubwa wao akajibu. “Siku hiyo hata geti la shule hatukuliona. Hewa ilikuwa imeshiba maji, yetu hayakupata pa kwenda.” Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba sanduku lilelile lingefanya kazi vizuri zaidi mjini Wote, kwenye nyanda za joto, kuliko Kikima, kwa kuwa hewa ya kule ni kavu.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Wasichana walipita. Nimeona miradi yenye rangi na injini ikianguka kwa sababu kila tarakimu ilikuwa nzuri mno, na majaji si watoto.

3. Mfadhili wa kwanza ni fundi wa jua kali

Si benki wala mbunge. Ni yule wa kuchomelea pale sokoni, anayekata vipande vya chuma vilivyobaki na kusema, “Mwalimu, utalipa mkishinda.” Anajua nguvu ya chuma kuliko kitabu changu cha fizikia. Siku hizi huwatuma wanafunzi kwake kabla hawajachora chochote. Hurudi na michoro midogo, ya bei nafuu, na inayoweza kusimama.

4. Wavumbuzi wakubwa wa milima hii hawakuvishwa medali

Nawapeleka wanafunzi kutazama matuta. Watu wa Mbooni huchimba mtaro kukatiza mteremko, udongo wakautupa upande wa juu, wakapanda nyasi kwenye ukingo. Hiyo ndiyo fanya juu. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona ardhi ya Ukambani kama iliyokwisha. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao kuhusu iliyokuwa wilaya ya Machakos, Makueni ikiwa ndani yake na Mbooni ikiwa mojawapo ya sehemu walizochunguza. Walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka takriban mara tano tangu miaka hiyo, na bado mmomonyoko ukapungua. Kazi ya kuchimba matuta ilifanywa kwa majembe, na sehemu kubwa na vikundi vya akina mama.

Nikiulizwa tuzo za sayansi za kaunti zianzie wapi, nitasema zianzie kwa wazee waliochimba matuta hayo, wakiwa bado hai.

5. Baada ya kombe ndipo pagumu

Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa Keriko huko Njoro, alipata Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia ya dola milioni 1, na klabu ya sayansi ya shule yake ikajulikana. Mwaka 2022 mhandisi Norah Magero akawa Mkenya wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza. Alitunukiwa pauni 25,000 kwa jokofu la sola la kubebeka, la kutunzia chanjo mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha. Huwatajia wanafunzi habari za Tabichi na Magero. Lakini pesa kama hizo hazifiki kwenye meza za kaunti. Huko utapata cheti na kupigwa picha.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda mfuko wa utafiti wa taifa na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujafika hata karibu. Kwa hiyo sanduku la maziwa lilirudi shuleni, likawekwa stoo pamoja na meza zilizovunjika, na wasichana wakarudi kujiandaa kwa mtihani. Hilo linaniudhi kuliko kushindwa kokote.

6. Mgema akisifiwa

Shule ikishinda, mwaka unaofuata hurudisha mradi uleule na bango jipya. Kwetu nimelikataza hilo, na nimelaumiwa.

Mradi mpya kila mwaka unahitaji watu wa kuuhoji, kwa hiyo nina ombi kwa wana wa Kikima mlio Nairobi na kwingineko, wahandisi, madaktari wa mifugo, wahadhiri: muhula wa kwanza ukifunguliwa, pitieni shule iliyowasomesha. Leteni vipimajoto viwili, na siku moja ya kukaa na wanafunzi mkiwauliza maswali magumu kabla majaji hawajawauliza.