Rimoti ya Pili Ifundishwe Kabla ya Ile ya Kwanza Kuharibika

Kijitabu hiki kina shauri moja kwa kila nyumba yenye runinga Garbatulla, Kinna, Sericho na vijiji vilivyo kati yake: nunueni rimoti ya pili wakati ile iliyokuja na runinga au dekoda ingali nzima, na muifundishe siku hiyohiyo. Desturi yetu ni kinyume. Rimoti huanguka, hukanyagwa, huingia vumbi na kumwagikiwa chai, na ikishakufa kabisa ndipo mtu huanza kuulizia nyingine. Mkazi wa Nairobi hapati hasara kubwa kwa kuchelewa hivyo, maana maduka ya vipuri na mafundi hawako mbali naye. Mkazi wa Garbatulla ana zaidi ya kilomita 100 hadi mjini Isiolo, na nauli ya kwenda na kurudi aghalabu huipita bei ya rimoti anayoifuata. Hata hivyo umbali si sababu iliyo nzito zaidi. Iliyo nzito ni kwamba rimoti za aina moja, tena zile zinazotufaa zaidi huku, hupokea maarifa yake kutoka kwa rimoti nyingine iliyo hai. Iliyokufa haina cha kufundisha.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito huu. Runinga ilikuwa na vitufe usoni, na mtu aliyepoteza rimoti aliinuka tu akabadilisha stesheni kwa mkono. Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015 na kubaki na ya dijitali kwa mfumo wa DVB-T2, wenye runinga za zamani walilazimika kuweka dekoda kando yake, na rimoti za nyumbani zikawa mbili. Kazi ya kubadilisha stesheni ilihamia kwenye dekoda. Runinga ikabakiwa na kuwashwa, kuzimwa na sauti. Dekoda nyingi za bei nafuu zina vitufe viwili vitatu tu, na nyingine hazina kabisa. Kutafuta stesheni upya, kuondoa kufuli ya watoto, kurekebisha saa, yote hayo hupitia menyu, na menyu hufunguliwa kwa rimoti. Kisha ikaja runinga ya sola. Isiolo ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na K-OSAP, mradi wa serikali na Benki ya Dunia wa kufikisha umeme wa jua mahali ambapo nyaya za stima hazijafika, na kampuni kama M-KOPA na Sun King zimeuza nchini runinga za sola kwa malipo ya kidogo kidogo. Runinga ya namna hiyo huwa na rimoti yake yenyewe, na chapa yake mara nyingi haimo katika orodha za misimbo zinazochapishwa na watengenezaji wa rimoti za jumla, zile zinazokusudiwa kuendesha runinga za chapa nyingi.

Ili mtu aelewe kwa nini orodha hizo humwacha njiani, afahamu kwanza kinachotoka kwenye rimoti. Nyingi hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Taa ndogo iliyo puani mwa rimoti huwaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde, na mafungu ya mimweko hiyo ndiyo yanayobeba ujumbe. Katika mfumo wa NEC, mmoja wa mifumo iliyoenea sana, kila unapobonyeza kitufe hutumwa biti 32: nane ni anwani ya kifaa, nane ni anwani hiyohiyo ikiwa imegeuzwa ili kuzuia makosa, nane ni amri yenyewe, na nane za mwisho ni amri hiyo ikiwa imegeuzwa. Anwani hufanya kazi ya chapa ya ngamia kisimani: runinga hupuuza kila ujumbe usio na chapa yake. Na NEC si mfumo pekee. Sony walijitengenezea wao, wenye mapigo 40,000 kwa sekunde, na Philips wana RC-5 wenye mapigo 36,000. Kwa hiyo rimoti ya jirani mwenye runinga ya chapa nyingine kwa kawaida haiwashi runinga yako hata ukiibonyeza kutwa, na msimbo unaoingizwa kwenye rimoti ya jumla si siri yoyote. Ni namba inayoiambia rimoti itumie mfumo gani na anwani ipi kati ya zile ilizowekewa kiwandani.

Rimoti za jumla zinazouzwa madukani ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya msimbo. Huja na karatasi yenye majina ya runinga na namba za tarakimu tatu au nne. Kwa kawaida unawasha runinga kwa kitufe chake, unashikilia SET kwenye rimoti hadi taa yake iwake bila kuzima, unaingiza namba, na taa ikizimika unajaribu sauti na stesheni. Usiridhike na kitufe cha kuwasha pekee: runinga inaweza kuitikia kuwashwa na kuzimwa kwa msimbo fulani huku menyu ikikaa kimya, na hapo jaribu namba inayofuata ya jina lilelile. Jina likikosekana kwenye karatasi, kuna njia ya kutafuta. Unashikilia SET, kisha kitufe cha kuwasha, na rimoti hupitia misimbo yake mmoja baada ya mwingine huku ukiielekeza kwenye runinga. Runinga ikizimika, bonyeza kitufe papo hapo ili rimoti isimame. Kazi hii huchukua dakika kadhaa na hutaka subira. Anayechelewa kubonyeza hupitwa na msimbo wake na kuanza upya. Hatua hutofautiana kidogo baina ya watengenezaji, kwa hiyo karatasi isitupwe pamoja na pakiti.

Aina ya pili ni ile inayojifunza, na hiyo ndiyo inayopendekezwa hapa. Haina haja ya kulijua jina la runinga. Unalaza rimoti mbili juu ya meza, pua kwa pua, zikiachana kwa sentimita mbili hadi tano. Unaingiza ile mpya katika hali ya kujifunza, unachagua kitufe juu yake, kisha unabonyeza kitufe kinacholingana kwenye ile ya zamani. Taa ikimweka, kitufe hicho kimeshika, unahamia kingine. Ifanyeni kazi hii kivulini, maana jua lina infraredi nyingi na huweza kuvuruga kinachonakiliwa. Anzeni na vitufe ambavyo dekoda haiendi bila hivyo: menyu, mishale minne, OK, kurudi nyuma, stesheni na tarakimu. Hapa pia ndipo penye nafasi ya kuipanga rimoti kwa mahitaji ya nyumba. Vitufe vya stesheni vifundishwe na rimoti ya dekoda, vya sauti na vya kuwasha vifundishwe na ya runinga, na rimoti moja itatosha kwa vyote viwili. Wazo hili si geni. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliuza rimoti ya kujifunza iitwayo CORE mwaka 1987, ila ilikuwa ngumu kuitumia kiasi cha kuwashinda wanunuzi wengi. Za leo zinafanya machache kuliko ile, na afadhali hivyo.

Wapo watakaosema simu imemaliza shida hii. Ni kweli kwamba baadhi ya simu, kama Redmi nyingi na Infinix kadhaa, zina taa ya infraredi juu yake pamoja na programu ya rimoti. Lakini programu hizo nazo hutegemea orodha ya majina, kwa hiyo runinga isiyo kwenye karatasi huenda isiwe kwenye simu pia. Zaidi ya hayo, simu huondoka na mwenyewe. Baba akienda malishoni au mama akienda sokoni, wanaobaki nyumbani hubaki na runinga isiyoitika. Wengine watasema bora kununua rimoti ya asili ya runinga hiyohiyo. Ikipatikana, inunuliwe, na kwa runinga ya sola ambayo bado inalipiwa au iko ndani ya dhamana, wakala aulizwe kwanza. Tatizo ni kwamba toleo la runinga lililouzwa miaka mitano iliyopita huenda halitengenezwi tena, na rimoti inayofanana kwa sura inaweza kuwa na anwani tofauti kabisa ndani yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fundi: kwa nini mtu ajisumbue, na yupo anayelipwa kwa kazi hiyo? Fundi ana nafasi yake. Rimoti iliyoanguka huweza kupasuka kijiwe kinachoipa mapigo yake, na kazi ya kukibadilisha inataka chuma cha kulehemu. Ila kuifundisha rimoti hakuhitaji chombo chochote, na fundi mwenyewe hawezi kunakili kutoka kwa rimoti iliyokufa. Inafaa pia kupima kabla ya kumlipa mtu. Elekeza pua ya rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe, utazame kioo. Kamera nyingi, hasa za mbele, huiona infraredi kama nuru nyeupe au ya zambarau. Isipoonekana, anza na betri na kutu kwenye vyuma vinavyozishika. Ikionekana na runinga isiitike, kosa linaweza kuwa mapigo ya rimoti yaliyopotoka, msimbo usiofaa au jicho la runinga lenyewe, ambalo pengine limefunikwa na vumbi au linapigwa na jua la mlangoni. Vitufe vichache vikigoma huku vingine vikifanya kazi, mara nyingi ni mpira wa ndani uliochoka, na rimoti ya namna hiyo bado inaweza kufundisha vitufe vilivyobaki. Isitupwe kabla ya kufanya hivyo.

Msimbo ukishapatikana, uandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha betri, na kwa mara ya pili nyuma ya runinga. Baadhi ya rimoti za bei ya chini husahau kila kitu betri zikitolewa, na aliyeandika huirudisha kwa nusu dakika. Rimoti ya kujifunza ya aina hiyo ikisahau itahitaji mwalimu tena, kwa hiyo dukani ulizeni kama huhifadhi ilichofundishwa wakati wa kubadilisha betri, na ile ya zamani iwekwe kabatini ikiwa imetolewa betri zake zisije zikavuja. Kwa wenye watoto wadogo, chagueni rimoti inayotumia betri ndefu za AAA. Baadhi ya rimoti ndogo hutumia betri bapa ya duara, inayong'aa kama sarafu, na mtoto akiimeza inaweza kuchoma koo lake kwa ndani katika muda wa saa mbili. Anayeshukiwa kuimeza apelekwe hospitali mara moja, asilazimishwe kutapika, na pakiti ya betri ichukuliwe ili daktari aione.