HENRY PERCY, MLINZI WA MPAKA

Katika karne ya 14 mpaka wa Uingereza na Scotland haukuwa na amani. Watu wa pande zote mbili walivuka wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Mfalme alikaa London, mbali sana, kwa hiyo ulinzi ulikabidhiwa mabwana wa kaskazini wenye ngome na askari wao wenyewe. Wakuu miongoni mwao walikuwa ukoo wa Percy wa Northumberland.

Henry Percy alizaliwa mwaka 1364. Waskochi wenyewe ndio waliomwita Hotspur, yaani mwenye chuma cha moto kisiginoni, kwa jinsi alivyomkimbiza farasi wake vitani. Haraka hiyo ilimponza. Mwezi wa Agosti, 1388, aliwatembeza watu wake kutoka Newcastle mpaka Otterburn, akashambulia jioni ile ile kabla hawajapumzika. Waskochi walimpoteza jemadari wao, Douglas, lakini Percy akatekwa, na ilimbidi ajikomboe kwa fedha nyingi, Bunge likachangia.

Tarehe 14 Septemba, 1402, alilipiza. Huko Humbleton Hill wapiga mishale wa Kiingereza waliwashinda Waskochi, na Douglas mwingine, Archibald, akatekwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwa desturi ya vita mateka alikuwa mali ya aliyemteka, naye Mfalme Henry wa Nne akakataza mateka wasikombolewe bila idhini yake. Tena alikataa kumkomboa Edmund Mortimer, shemeji yake Percy, aliyetekwa na Wawelisi. Juu ya hayo, ukoo wa Percy ulidai pauni 20,000 za gharama za mpaka. Mtu aweza kuona uchungu wao, maana wao ndio waliomsaidia Henry kupata ufalme mwaka 1399.

Percy akaasi, na Douglas, mateka wake, akapigana upande wake! Tarehe 21 Julai, 1403, Percy aliuawa karibu na Shrewsbury. Uvumi ulipoenea kwamba yu hai, maiti yake ilifukuliwa ili watu waione, na kichwa kikapelekwa York.

Baba yake naye alifia katika uasi mwaka 1408. Lakini mwaka 1416 Mfalme Henry wa Tano alimrudishia mwana wa Percy cheo cha babu yake, na mwaka uliofuata akamkabidhi ulinzi wa mpaka ule ule.