Kalibu na Tofali

Wenzangu wengi huniuliza klasi ni nini, na kitu ni nini, katika kuandika programu za kompyuta. Mimi nami sikujua mpaka nilipokosea.

Nyumbani tuna kalibu moja ya kufyatulia matofali. Kalibu si tofali. Huwezi kujenga ukuta kwayo. Lakini kila tofali hupata umbo lake humo. Basi klasi ni kama kalibu, na kitu ni kama tofali. Mawazo haya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, watu wa Norway, waliyatia katika lugha ya Simula 67 mwaka 1967.

Muhula uliopita niliandika kwa Python klasi iitwayo Mwanafunzi, nitunze alama zetu za majaribio. Orodha ya alama niliiweka katika klasi yenyewe. Nikafanya vitu viwili: rafiki yangu na mimi. Yeye nikamwandikia 81, nami 34. Kumbe kila mmoja akaonekana ana alama zote mbili! Rafiki yangu akakasirika sana, akidhani namwibia.

Mwalimu akacheka, akasema, "Umeandika juu ya kalibu, hukuandika juu ya tofali."

Nikaihamisha orodha katika __init__, sehemu inayofanya kazi kila mara kitu kipya kinapoumbwa, nikaandika: self.alama = []. Neno self maana yake ni kitu chenyewe. Tangu hapo kila mmoja ana orodha yake, na urafiki wetu umerudi.

Kwa hiyo jiulize kwanza: jambo hili ni la wote, au la mmoja?