Nilivyopanga muziki wa Toyota IST yangu kabla ya kushika bisibisi

Waya ulikuwa mwekundu, mnene kama kidole cha mwisho, nimeununua Kariakoo nikiamini ni shaba tupu. Nikauchuna ncha kwa kisu, nikatoa uzi mmoja na kuukwangua kwa wembe. Juu ulikuwa na rangi ya shaba, chini yake ukang'aa mweupe. Aluminiamu iliyovikwa shaba.

Wiki moja kabla, waya wa namna hiyohiyo ulikuwa umepata moto chini ya kapeti la gari langu mpaka ganda likalainika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikabaki ndani ya gari kwa siku kadhaa. Fundi aliyenifungia muziki ule alikuwa ameweka fyuzi, ila aliiweka kwenye buti, jirani na amplifaya. Kutoka kwenye betri hadi pale ni kama mita tano za waya usio na ulinzi wowote. Ungechubuka popote ukagusa bodi, hakuna kitu ambacho kingekata umeme kabla ya moto kuwaka. Na mtoto wangu hukaa kiti cha nyuma, miguu yake juu ya kapeti hilohilo.

Niling'oa kila kitu. Nikaamua kufunga mwenyewe, na kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa daftari.

Watu wengi huanza na sabufa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi nakuomba uanze na altaneta, kwa sababu ndiyo inayolipa bili ya kila kitu utakachofunga. Fungua boneti, usome kibandiko chake. Yangu imeandikwa ampia 80. Humo kuna taa, feni ya AC, pampu ya mafuta, waipa na kuchaji betri yenyewe. Kwa hiyo nilijiwekea mpaka: muziki wote, hata ukifunguliwa mpaka mwisho, usile zaidi ya ampia 35.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua wati za RMS, yaani zile ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Amplifaya ya klasi D hugeuza kama asilimia 80 ya umeme inaoupokea kuwa muziki, kwa hiyo gawanya wati hizo kwa 0.8, kisha gawanya kwa volti 13.8 ambazo gari hutoa injini ikiwa inanguruma. Mimi nilihitaji wati 75 kwa kila upande wa mbele na wati 200 za sabufa, jumla 350. Ukigawanya unapata wati 437 hivi zinazoingia, sawa na ampia 32. Nimebaki ndani ya mpaka wangu, na muziki wa kawaida hautumii nguvu zote muda wote.

Dukani utakuta boksi limeandikwa wati 2000 kwa herufi kubwa. Usibishane na muuzaji, geuza amplifaya uangalie fyuzi zake. Zikiwa mbili za ampia 20, hiyo ni ampia 40. Zidisha kwa 13.8: inaingiza wati 552. Asilimia 80 yake ni kama 440, na hapo ndipo mwisho wake. Hakuna mashine inayotoa umeme mwingi kuliko ulioingia. Kipimo hiki kimeniokoa pesa nyingi kuliko ushauri mwingine wowote niliowahi kupewa.

Nilichagua amplifaya moja ya chaneli nne. Chaneli mbili zinaendesha spika za milango ya mbele, mbili zilizobaki zimeunganishwa pamoja kuisukuma sabufa moja ya inchi 10 yenye ohm 4. Kabla ya kuunganisha chaneli hivyo, soma kitabu chake kwanza: kila chaneli lazima iwe inaweza kubeba ohm 2, maana ndivyo itakavyojisikia inapoishika sabufa ya ohm 4 pamoja na mwenzake. Spika za milango ya nyuma niliziacha kama zilivyotoka Japani. Anayesikiliza hukaa mbele, na pesa ya spika za nyuma niliihamishia kwenye waya na milango.

Waya nilinunua upya, shaba halisi ya namba 4, ambayo ni milimita za mraba 21 hivi. Safari hii nilikwangua dukani kabla ya kulipa. Aluminiamu iliyovikwa shaba hupitisha umeme kwa shida zaidi, kwa hiyo waya wake lazima uwe mnene zaidi kwa kazi ileile, na wauzaji wengi hawakwambii. Fyuzi ya ampia 60 niliiweka sentimeta 20 kutoka kwenye betri. Kanuni ni kwamba isizidi sentimeta 45. Pale waya unapopenya ukuta wa injini kuingia ndani, weka raba kwenye tundu ili bati lisiukate.

Athi nayo inahitaji heshima kama waya wa chanya: unene uleule, urefu usiofika nusu mita, na imefungwa kwa bolti kwenye bati uliloliparua rangi mpaka liking'ae. Baada ya kukaza, paka grisi juu. Tunaoishi karibu na bahari tunajua kutu inavyokula bati lililoachwa wazi. Waya wa umeme nikaupitisha upande wa kulia wa gari, na waya za RCA za sauti upande wa kushoto. Ukizilaza pamoja unaweza kusikia mluzi kwenye spika unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta.

Redio iliyokuja na gari ilikuwa na menyu ya Kijapani, na FM yake ilikomea 90 MHz, kwa kuwa ilitengenezwa kwa masafa ya Japani yanayoanzia 76. Stesheni zetu zinafika hadi 108, ndiyo maana magari mengi hapa yamefungwa kale kaboksi ka kushusha masafa. Redio hiyo niliibadilisha. Kama gari lako ni Toyota la Japani, pima kwanza: tundu la dashibodi lina upana wa milimita 200, wakati redio nyingi za saizi ya kawaida ni 180, na utabaki na mianya pembeni usiponunua fremu yake. Usikate soketi za Toyota. Nunua soketi ya kuungia, ipo na ni bei ndogo. Kwa kawaida waya wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, wa kijivu ni wa ufunguo, wa kahawia ni athi, lakini hakikisha kwa multimita, maana huwezi kujua nani alishapita humo kabla yako.

Sasa milango, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Spika hupiga hewa mbele na nyuma. Mlango ukiwa na matundu, hewa ya nyuma huja mbele na kuifuta besi. Nilisafisha bati la ndani kwa spiriti, nikabandika shiti za butili zenye karatasi ya aluminiamu, nikaziba matundu makubwa na kuacha yale ya chini yanayotoa maji. Gonga mlango kwa kidole kabla na baada: mwanzo unalia kama debe, baadaye unalia kama meza ya mninga. Pete za kushikia spika nilizikata kwa mbao ya MDF. Masika ya kwanza zikavimba na kupasuka, kwa kuwa ndani ya mlango maji hupita kila mvua inaponyesha. Nilizikata upya kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama, unene wa sentimeta moja na nusu, na hazijabadilika tangu hapo.

Kitu cha mwisho ni kuweka geni, ambayo wengi huitumia kama kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio yako. Chomoa waya za spika, zima vichujio vyote vya amplifaya, weka redio robo tatu ya sauti, kisha piga mlio wa 50 Hz. Nasema 50 kwa sababu multimita za bei nafuu hazipimi vizuri masafa ya juu. Weka multimita kwenye volti za AC na uguse kwa ncha zake matundu ya kutokea ya amplifaya. Volti unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati zikizidishwa kwa ohm: spika za mbele, 75 mara 4 ni 300, kipeuo chake 17.3. Sabufa, 200 mara 4 ni 800, yaani 28.3. Ukifika hapo acha. Rudisha vichujio kabla ya kuunganisha spika: mimi nimekata kwenye 80 Hz, chini yake ni kazi ya sabufa, juu yake ni ya milango.

Jioni ya siku niliyomaliza niliweka taarabu ya Unguja, rekodi ya okestra yenye kanuni, fidla na dabasi. Kanuni ilikaa vizuri juu ya dashibodi, lakini dabasi ilikuwa inanijia mgongoni, kana kwamba mpigaji ameachwa ndani ya buti. Nikashuka, nikageuza waya mbili za sabufa, chanya ikawa hasi. Nikarudi kwenye kiti na kufunga mlango. Dabasi ikahamia mbele, katikati ya kioo, na nikaanza kusikia kidole kinavyouachia uzi.