Akiba ya Chupani: Namna ya Kutunza Jamu na Achari Nyumbani

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Lakini mama aliyepika jamu ya mapera au achari ya embe ajua kuwa akiba ya namna hiyo huoza upesi isipotunzwa. Embe za pwani huiva kwa wingi kati ya Novemba na Machi, kisha huadimika. Kwa hiyo chupa ijazwapo, kazi haijaisha. Ndipo ianzapo kazi ya pili, nayo ni kuitunza.

Jamu hudumu kwa nguvu ya sukari na ukali wa tunda; achari kwa nguvu ya siki na chumvi. Hata hivyo hewa ikipenya, kuvu huota juu yake.

KWANZA: KIFUNIKO. Jamu ya moto hutiwa katika chupa safi zilizokwisha kuchemshwa, zikafungwa kwa vifuniko vipya, kisha zikachemshwa tena ndani ya maji yanayozifunika kabisa. Mombasa dakika 5 zatosha. Nairobi ni juu zaidi, na huko maji huchemka katika joto la digrii 94 hivi, wala si 100. Basi ziwe dakika 10, na Nyahururu dakika 15. Siku ya pili, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikibonyea na kurudi juu, chupa hiyo haikuzibika. Na iliwe kwanza, katika siku chache, na kama pana friji ikae humo.

PILI: MAHALI. Wengi hupenda kupanga chupa dirishani ili wageni wazione. Ni pambo zuri, lakini lina hasara. Jua hufifiza rangi na kuharibu ladha. Joto la jiko hufanya vivyo hivyo. Na unyevu huvitia vifuniko kutu. Mahali pafaapo ni pakavu, pasipo mwanga, mbali na jiko, penye joto la digrii 10 hadi 21. Pwani joto hupita hapo. Basi chagua rafu ya chini, katika ukuta usiopigwa na jua la alasiri, na upike kiasi kidogo kitakacholiwa mapema. Asiye na kabati atundike pazia la kitambaa mbele ya rafu. Apendaye kuwaonyesha wageni aweke mezani chupa moja, ile inayoliwa wiki hiyo.

Bandika juu ya kila chupa karatasi yenye jina na tarehe. Chupa za zamani zikae mbele, mpya nyuma, zote ziliwe kabla ya mwaka kwisha.

TATU: UKAGUZI. Zitazame chupa zako kila wiki. Ukiona kifuniko kimefura, povu au kuvu, au ukisikia harufu ya pombe, tupa vyote vilivyomo. Usikwangue kuvu na kula kilicho chini yake, kwani sumu yaweza kuwa imeshuka ndani. Wala usionje ili kujaribu.

ONYO. Maharagwe, mahindi, mboga na nyama havina ukali kama wa matunda; visiwekwe chupani kwa kuchemshwa tu. Mbegu za kijidudu kiitwacho botulini haziuawi na maji yachemkayo, nazo humea mahali pasipo hewa. Sumu yake hulegeza viungo hata mtu akashindwa kupumua, na huenda chakula kisibadilike rangi wala harufu. Vyakula hivyo vyataka chungu maalum cha mvuke wenye kani, kifikacho digrii 116 au zaidi. Asiye nacho na akaushe mboga zake juani, kama majani ya kunde yakaushwavyo tangu zamani.

Basi leo, kabla jua halijatua, ziondoe chupa zilizo dirishani, uvibonyeze vifuniko vyake kimoja kimoja, na kuziandika tarehe.