SOMO: ALIYESOMA HISTORIA ATAKUWA DAKTARI?

Hapa Mpitimbi wazazi huuliza: mtoto aliyesoma Historia na Kiswahili Kidato cha Sita, anaweza udaktari?

Moja kwa moja, hapana. Muhimbili hutaka Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Lakini njia ipo. Tazama cheti chake cha Kidato cha Nne. Kama alifaulu masomo hayo matatu, aombe chuo cha utabibu, miaka 3. Akifaulu vizuri, aombe udaktari, miaka 5. Kama hakufaulu, arudie mtihani.

Wengi huacha Fizikia na Kemia wakiingia Kidato cha Tatu. Mzazi, zungumza naye kabla hajachagua.

MASWALI
1. Utabibu husomwa miaka mingapi?
2. Mwanao ameacha somo gani?